Butembo hadi Kisangani na watoto: njia inapimwa kwa mwili wa mdogo

Shule zikifunga mwanzoni mwa mwezi wa saba, simu zinaanza kulia. Koko wa Kisangani anataka kuona wajukuu. Baba mdogo mwenye duka kule anasema chumba kiko, walete tu. Mama anahesabu makuta, baba anatafuta gari, watoto wameisha kuaga marafiki wote wa kwenye avenue kabla hata ya kujua kama watakwenda kweli.

Mwaka mmoja mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, alirudi Butembo kutoka vakansi ya Kisangani akiwa mzima kabisa. Alikuwa anacheka, amenenepa kidogo, anaongea Lingala tusiyoisikia vizuri. Siku ya kumi na moja mwili ukaanza kuwaka moto. Sisi wote nyumbani tukasema ni uchovu wa njia, ao baridi ya huku milimani, juu alikuwa amezoea joto. Tukampa parasetamoli, tukamfunika blanketi. Usiku wa tatu akashikwa na degedege. Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole, wakafanya tesiti ya haraka, ile TDR, na mistari miwili ikatokea: malaria. Damu ilikuwa imepunguka mpaka ikabidi wamwongeze. Alipona, na leo anasoma mwaka wa tatu wa primeri. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba safari ilikuwa bado haijaisha.

Juu ya njia yetu tunaongea mingi: matope, barieri, wenye silaha. Tuko na haki ya kuongea. Kile tunachosahau ni kwamba watu wazima na watoto hawasafiri njia moja, hata kama wamekaa kwenye kiti kimoja. Sikio la mtoto, maji ya mwili wake, damu yake, hata mlango anaotokea, vyote vinahesabu njia kwa namna nyingine. Kwa hiyo safari ya familia inapangwa kwa kipimo cha yule mdogo kuliko wote, hapana kwa kipimo cha shofere.

Kwenda ao kubaki

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni kufika Kisangani zinabaki zaidi ya 700, kwa kupitia Komanda, Mambasa, Epulu, Nia-Nia na Bafwasende, kwenye barabara ya taifa namba 4. Wanaoishi huku hawana lazima ya kuelezwa damu iliyomwagika pale Oicha, Eringeti, Luna na kuendelea. Mwaka wa 2021 magari yalipangwa kupita kipande kile kwa msafara, wanajeshi wakiyasindikiza, na hata hivyo yalishambuliwa na kuchomwa. Wenye uwezo wanapanda ndege. Wanaokwenda Bunia, kuko wanaozunguka Uganda: wanatokea Kasindi, wanaingia tena kwa Mahagi.

Hakuna makala inayoweza kukuambia leo njia iko namna gani, juu hali inabadilika kwa siku moja. Uliza watu watatu wa juma lile lile: shofere aliyefika jana, jamaa anayeishi kando ya njia, na habari za asubuhi kwenye redio. Kama hao watatu hawapatani, ngoja. Mtu mzima akisikia risasi anaweza kukimbia porini. Mtoto wa miaka mitatu lazima abebwe, na kama uko na watatu, mikono yako ni miwili. Hesabu hiyo ifanyike nyumbani, mbele ya kulipa tiketi.

Na kama mnakwenda, andika namba mbili za simu kwenye kikaratasi, moja ya mnakotoka na moja ya mnakokwenda, ukishone ndani ya nguo ya kila mtoto. Mkubwa mfundishe jina lote la baba na la mama, maana watoto wengi wanajua tu «Mama» na «Papa». Katika vita vya huku watoto wengi walipotezana na wazazi kwa dakika chache tu, na kazi ya Msalaba Mwekundu ya kuwarudisha inategemea sana yale mtoto anayoweza kusema mwenyewe.

Mlango wa upande mubaya

Tunakuja kwa gari. Congo tunaendesha upande wa kuume. Lakini magari mengi ya huku mashariki yanatoka Japani na kupitia bandari za Mombasa ao Dar es Salaam, usukani ukiwa kuume. Tumezoea, hatuoni tena. Sasa angalia ile bisi ndogo ya Hiace: mlango wake wa kusukuma uko upande wa kushoto. Kule Japani, ambako wanaendesha kushoto, mlango unafungukia kando ya njia. Huku kwetu unafungukia katikati ya barabara, pale lori linapopita. Bisi ikisimama, mtoto aliyefinywa na mkojo saa mbili nzima ndiye anaruka wa kwanza. Hiyo ni ajali iliyopangwa tayari.

Fanya hivi: mtu mzima anashuka wa kwanza, anasimama upande wa nyuma ya mlango, uso ukiangalia magari yanayokuja, ndipo watoto wanashuka wakishikana mikono na kuzunguka gari. Shofere akikasirika, akasirike tu.

Ndani ya gari, kiti cha mbele karibu na shofere kinaonekana cha heshima, na mama mwenye bebe ndiye anapewa. Kwa bebe ndiyo nafasi mbaya kuliko zote. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama palepale, aliye ndani anatupwa kwa nguvu sawa na ya kuanguka kutoka urefu wa mita 10, sawa na ghorofa ya tatu. Hakuna mikono ya mama inayoweza kushika mtoto kwa nguvu ile. Mkanda mmoja uliofungwa juu ya mama na mtoto pamoja ni mbaya zaidi, juu uzito wa mama unamfinya mtoto kwenye mkanda. Na bebe aliyefungwa mgongoni na kikwembe, mama akiegemea kiti, anakosa pumzi polepole bila kulia. Mkalishe nyuma. Mkubwa mwenye kufikia mkanda afunge wake peke yake. Mdogo, kama hamna kiti chake cha mtoto, akae katikati ya kiti cha nyuma kati ya watu wazima wawili. Haitoshi, ninajua, lakini inashinda kiti cha mbele. Juu ya mizigo ya lori sisemi sana: mtoto akisinzia, vidole vinalegea.

Kwa nini anatapika

«Huyu mutoto iko na roho ya kutapika tu, kila safari anatuletea haya,» mama mmoja aliniambia pale parking ya Beni, ndoo mkononi. Mtoto mwenyewe, miaka kama saba, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefanya kosa.

Kosa hakuna. Ndani kabisa ya sikio kuko vijifereji vyenye maji, ndivyo vinavyoambia ubongo kama mwili unatembea, unapinda ao umesimama. Mtoto aliyekaa katikati ya watu wazima haoni njia: anaona mgongo wa kiti na mifuko. Macho yanasema «tumekaa», sikio linasema «tunapanda, tunashuka, tunapinda». Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linajibu. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuka zaidi. Chini ya miaka miwili ni mara chache. Ndiyo maana bebe analala vizuri wakati yaya yake anateseka.

Dawa yake ya kwanza ni dirisha. Mpandishe juu ya mkoba mgumu ao blanketi iliyokunjwa, mkanda ukiwa umefungwa, aone njia kule mbele, mlima wa mbali. Kumwonyesha miti inayopita kando haisaidii. Toa simu mkononi: video inafunga macho mahali pamoja na kuongeza ugomvi na sikio. Asubuhi asiondoke na tumbo tupu, wala na tumbo lililojaa mikate ya mafuta. Ndizi ya kuiva ao kipande cha mkate mkavu kinatosha. Harufu ya esansi kutoka kwa bidon iliyo ndani ya gari inamaliza waliobaki, na bidon ile haina haki ya kuwa ndani ya gari la watu hata kidogo. Kilomita za Butembo mpaka Beni ziko na kona nyingi, kwa hiyo kama atatapika, atatapika mapema. Tayarisha vifuko, kitambaa chenye maji, na nguo ya kubadili iliyo juu ya mzigo, hapana chini.

Hapa niseme kitu ambacho wengi wanakifanya kimyakimya: kumpa mtoto sirop ya kulalisha ili asisumbue. Mara nyingi ni sirop ya prometazini, ile ya kikohozi na mwasho. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa. Dawa hiyo inaweza kupunguza pumzi yake mpaka isimame, na kwa kuwa amelala kwenye mapaja, kila mtu atadhani analala vizuri. Hata mwenye umri zaidi asipewe bila muuguzi kumwangalia kwanza.

Maji, na siku moja zaidi

Sheria yangu ni hii: shofere akisema siku mbili, beba chakula na maji ya siku tatu. Mwezi wa saba mvua ya Butembo inapunguka, lakini ndani ya pori la Ituri inanyesha hata wakati wa vakansi, na lori moja likizama linafunga njia kwa wote. Pale ndipo bei ya maji inapanda, na ndipo watoto wanakunywa ya mtoni.

Bebe wa chini ya miezi sita anayenyonya hana lazima ya maji, hata kwenye joto la Bafwasende. Maziwa ya mama yanatosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na anayepaswa kunywa maji mengi ni mama. Kwa wakubwa, angalia mkojo kuliko maneno. Mtoto aliyepitisha saa sita bila kukojoa, ao anayekojoa kidogo wa rangi nzito, amekaukiwa. Wasichana wanaokua mara nyingi wanakataa kunywa kwa sababu wanaona haya kujisaidia porini. Kikwembe kikubwa na mama ao tantine wa kusimama naye kinamaliza shida hiyo, na shofere asimame kila saa mbili.

Kuhara kukianza njiani, pakiti ya ORS iko bei ndogo, nunua mbili tatu kabla ya kuondoka. Pakiti ya kawaida ni ya litri moja. Ile chupa kubwa ya maji ya plastiki ni ya litri 1.5, usitie pakiti moja humo ukajaza. Ukikosa pakiti: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikisawazishwa juu. Chumvi ikizidi inaumiza. Mtoto anayetapika apewe kwa kijiko, polepole, akitapika ungoje dakika kumi uanze tena. Hiyo haimalizi haja ya kumfikisha kwa muuguzi kama amelegea ao kuhara kuna damu.

Kuchoka kwa watoto na lile swali la «tutafika saa ngapi?» vina dawa yake. Kilomita haziwaambii kitu, majina yanawaambia. Wape majina ya miji wahesabu kama shanga: Mambasa, Epulu, Nia-Nia. Pale Epulu waambie wako katika nchi ya okapi, mnyama ambaye porini haishi mahali pengine duniani isipokuwa Congo, na kwamba hifadhi ile iliundwa mwaka wa 1992 na iliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 1996. Mkubwa wa nyumba anaweza kuelezwa pia kwamba mwaka wa 2012 wenye silaha waliingia pale, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Mdogo mwambie tu juu ya miguu yake yenye mistari kama ya punda milia.

Mbu anayesafiri nyuma yenu

Sasa turudi kwa yule mtoto wa dada yangu.

Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Baridi inapunguza mbu, na hata kimelea cha malaria ndani ya mbu kinakua polepole baridi ikiwa kali. Malaria iko kwetu, lakini si kama kule. Kisangani iko kama mita 400 tu, kwenye joto na maji. Mtoto aliyezaliwa Kisangani ameumwa na mbu wale tangu kunyonya. Akifika miaka sita ao saba, kama aliokoka, mwili wake umejifunza kupigana kidogo. Mtoto wetu wa milimani hajajifunza. Mbu mmoja anayempa binamu yake homa ya siku mbili anaweza kumpeleka yeye kwenye kuongezewa damu. Ni vile vile kwa familia za Lubero zinazoshuka Beni, na za milima ya Minembwe zinazoshuka kwenye bonde la Ruzizi.

Mbu wa malaria anauma usiku. Kwa hiyo moskitere inasafiri na nyinyi, hapana kutegemea ile ya koko. Ile yenye dawa, na kamba na misumari minne ndani ya mfuko. Usiku wa hatari kubwa ni ule wa njiani, pale bisi imekufa na watu wanalala kwenye baraza la mtu: nguo za mikono mirefu, soksi, na moskitere hata ikifungwa kwa miti miwili. Kabla ya kuondoka, pitia kituo cha afya uulize kama mtoto wako anapaswa kupewa dawa ya kuzuia. Usijipimie mwenyewe.

Lakini sehemu ngumu ni ya baada. Kimelea kikiingia, kinakwenda kwanza kujificha kwenye ini. Homa haionekani siku ile wala kesho yake. Mara nyingi inatokea kati ya siku ya 7 na ya 14, mara nyingine mpaka mwezi. Hesabu: vakansi imeisha, masanduku yamefunguliwa, mtoto amerudi kucheza. Muuguzi wa Butembo anaona mtoto wa Butembo mwenye homa na kukohoa. Usipomwambia, hatajua. Neno la kwanza la kusema, hata kabla ya jina la mtoto, ni: «Tumetoka Kisangani juma lililopita.» Omba TDR. Na mtoto mwenye homa anayeshindwa kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, anayelala bila kuamka vizuri, mwenye mkojo mweusi ao viganja vyeupe, hangoji asubuhi.

Karatasi ni fupi. Beba fishi ya chanjo ya kila mtoto na cheti cha kuzaliwa. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa ni bure, na ni vizuri kuliko kubishana kwenye barieri kama mtoto ni wako kweli. Anayepita Uganda akumbuke kadi ya manjano: chanjo ya homa ya manjano inatolewa katika miezi 9, na cheti chake kinaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano, kisha kinadumu maisha yote. Kuchanja asubuhi na kupita mpaka jioni hakusaidii. Mzazi anayevuka mpaka peke yake na watoto abebe barua ya ruhusa ya mwenzake yenye mhuri wa ofisi ya hali ya raia.

Dada yangu siku hizi anafanya kitu kimoja. Siku ya kurudi anachukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa, anachora duara la bic nyekundu kwenye tarehe ya kufika, na duara lingine siku 30 mbele. Kati ya duara na duara, hakuna homa ya mtoto inayoitwa uchovu ndani ya nyumba ile.